Pembe Nne

Chumba cha kufulia, hospitali
Januari 14

Wifi,

Tumsifu Yesu Kristu. Haya, salamu nimetoa, sasa tuingie kwenye mambo.

Paroko wetu amebandika gazeti la jimbo lenu kwenye ubao wa matangazo, na mimi nikasimama pale na kikapu changu nikisoma kama watu wengine. Nikakuona. Umependeza, sikatai. Kilemba kimekukaa, umenenepa kidogo, na mikononi umeshika pembe mbili za shuka jeupe. Pembe nyingine mbili amezishika mama mmoja mwenye kucha ndefu za rangi. Chini wameandika, "Mwanzilishi wa Utume wa Pembe Nne akikunja shuka pamoja na msaidizi wake." Mwanzilishi mmoja. Nilirudia kusoma nikidhani labda macho yangu yamechoka kwa mvuke wa sabuni.

Kwanza niambie huyo mwenye kucha ni nani. Shuka la hospitali linavutwa kwa nguvu, wifi, na kwa kucha zile mtalitoboa. Pili, lile shuka ni jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Nani amelilalia? Wewe na mimi tulikuwa tunakunja mashuka ya watu. Tunalivuta, tunalikung'uta, kila mmoja anatembea kumwelekea mwenzake, na mikono ikikutana tunamwombea aliyelala juu yake. Jina hatulijui, tunajua wodi tu. Ndiyo ilikuwa sala yote. Sasa nyinyi mnamwombea nani, mwenye duka?

Mimi nipo pale pale uliponiacha. Tangu kaka yangu ahamishwe kazi, akakuchukua mkaenda mjini, ninakunja na mtunza stoo, anayetafuna ubani tangu asubuhi na kunipa habari za mpira. Nikisema, "Bwana umkumbuke wa wodi ya pili," yeye anajibu, "Amina, na jana wamefungwa mawili."

Nisalimie kaka yangu. Mwambie akikonda, wa kulaumiwa ninamjua.

Wifi yako,
Dobi


Ofisi ya parokia
Januari 30

Wifi yangu mpenzi,

Milele na milele, amina. Nilicheka mpaka paroko akachungulia kuuliza karani wake amepatwa na nini. Kisha nikarudia kusoma, na mara hiyo sikucheka.

Yule ni Mama Benki. Tunamwita hivyo kwa sababu mume wake ni meneja wa benki. Ni mtu mwema, na ndiye aliyetuombea ukumbi wakati tulipokuwa tukikusanyika barazani kwangu huku mvua ikitupiga mgongoni. Mashuka mapya tunayatumia kwa sababu hospitali ya huku hairuhusu watu wa nje kugusa nguo za wagonjwa. Basi ndugu wa mgonjwa anakuja, anamtaja mtu wake, nasi tunakunja kwa ajili yake. Si kama zamani, najua.

Lakini ungeona, wifi. Tulianza huku akina mama wachache, wengine wamekuja kwa udaku tu. Sasa kila parokia ya mji huu ina kundi lake. Wanaume waliokuwa wakitucheka nao wanakunja, wanachanganya pembe, wanabishana nani alegeze. Juzi walikuja mtu na mdogo wake ambao hawasemezani tangu wagawane shamba la baba yao. Mama Benki akawapa shuka moja, kila mmoja upande wake. Huwezi kukunja shuka na mtu bila kumsogelea. Walipofika katikati wakashikwa na kicheko, halafu kilio, na mimi nililia kuliko wao.

Mwezi wa sita Baba Askofu atatupa idhini tuwe chama cha kitume cha jimbo. Kuna kamati, kuna katiba, kuna vikao visivyoisha. Hayo ya "mwanzilishi" ni maneno ya mwandishi wa gazeti, usiyatilie maanani.

Kaka yako anakula vizuri akiwa nyumbani, ila lori haliachi.

Akupendaye,
Karani


Februari 18

Wifi,

Umeandika kurasa mbili kuhusu mwezi wa sita na neno "njoo" halimo. Nimelitafuta hata nyuma ya karatasi.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nina wivu. Ninausema mwenyewe ili usipate taabu ya kunieleza. Ninawaonea wivu hao ndugu wa shamba, ninamwonea wivu Mama Benki na kucha zake, hata huo ukumbi ninauonea wivu. Nikiwa kazini ninafikiria kwamba saa hizi kuna mtu anamsogelea wifi yangu na shuka mkononi, na mtu huyo si mimi.

Kama umesahau, nikukumbushe. Ni shuka la wodi ya watoto, lililoletwa limechorwa nyumba kwa kalamu ya wino. Nililifua, wino haukutoka. Nikalifua tena, nyumba ikabaki. Tulipokuja kulikunja, mimi ndiye niliyesimama katikati nikashindwa kuendelea, maana muuguzi alishatuambia kitanda kile kiko wazi na mama wa mtoto ameondoka peke yake. Mimi ndiye niliyesimama. Wewe ulisema, "Basi, tumwombee." Maneno mawili tu, wifi, na leo yamekufanya mwanzilishi.

Mimi ndiye niliyekutafutia kazi hapa, ukiwa hujui hata kukamua. Mimi ndiye niliyekukalisha karibu na kaka yangu kwenye harusi ya binamu, nikasingizia viti vimekwisha. Sijawahi kukunyima kitu changu. Basi mwezi wa sita ninakuja. Ruhusa kazini nimeshaomba, na Seremala wangu ameniahidi viatu. Kama unaona haya kunialika, nitamwandikia Baba Askofu wenu mwenyewe, nimweleze sala hii ilianzia chumba gani na mle ndani walikuwemo watu wangapi.

Dobi


Machi 1

Wifi yangu,

Nakuomba, usimwandikie Baba Askofu.

Nitakwambia nililokuficha. Katiba yetu ina kipengele kinachosema kwamba anayetajwa kuwa mwanzilishi au kiongozi awe amefunga ndoa takatifu, au awe mseja, au mjane. Kilipitishwa mbele yangu, mimi nikiandika mwenendo wa kikao. Niliwafikiria wewe na Seremala. Najua mnaishi vizuri kuliko wengi wenye pete. Najua mke wake wa kanisani alimkimbia kabla hajakujua wewe, na kesi yake imelala kwenye mahakama ya Kanisa miaka na miaka. Lakini wale watu wa kamati hawayajui hayo, na wakiyajua hawatayasikiliza. Jina lako likiingia, watauliza unaishi na nani, kwa nini hupokei komunyo, nao watauliza mbele za watu. Halafu idhini itakwama, na makundi yote haya yataambiwa yangoje.

Ndiyo maana sikuandika "njoo". Nilitaka kukukinga.

Karani


Machi 14

Wifi,

Barua yako niliisoma kwa sauti ili Seremala asikie, maana ni mambo yake pia. Aliweka randa chini, akakaa juu ya meza aliyokuwa akiitengeneza. Halafu akasema anaweza kuhamia kwa mdogo wake, mimi nibaki peke yangu, katiba iridhike. Nikadhani anatania. Akainuka, akaanza kupanga patasi zake kwenye sanduku, kubwa kwa ndogo, anavyofanya akienda kazi ya mbali. Ilibidi nikalie lile sanduku. Nilimwambia hakuna anayekwenda popote, kabati la jikoni halijakwisha na mimi si wa kuachwa na kabati lisilo na milango.

Huyo ndiye mwanamume ambaye katiba yenu inamwogopa.

Swali langu ni moja. Ulikuwa unanikinga mimi, au ulikuwa unakikinga kiti chako? Usiniandikie jibu, jijibu mwenyewe.

Kila Jumapili watu wakisimama kupokea, mimi ninabaki nimekaa, ninageuza magoti pembeni ili wengine wapite. Nimezoea, na watu wa benchi langu wamezoea pia. Lakini kwenye shuka hakuna aliyewahi kunizuia kusogea. Nilikuwa na sehemu hiyo moja, tuliyoianzisha mimi na wewe kwa mikono iliyochunwa na sabuni, na sasa hata huko nimewekewa mlango.

Sitakuja. Shikeni pembe zenu.

Dobi


Mei 9

Wifi yangu,

Mungu akubariki kwa kukubali. Nimekuwa nikiiandika barua hii na kuichana, ninaogopa kila neno litakuchoma.

Maandalizi yametubana. Kaka yako siku hiyo atakuwa safarini na lori kama kawaida yake, na mambo ya kanisa huwa ananiachia mimi. Aliniuliza kama utakuja. Nimemwambia kazi zimekuzidi.

Nitakukumbuka wakati wote wa misa. Nitakutumia picha.

Karani


Juni 17

Wifi,

Nilikuja.

Seremala ndiye aliyenisukuma. Alisema mlangoni mwa kanisa hakuna anayeuliza cheti cha ndoa, nenda, kaa nyuma, tazama kazi yako, urudi. Nikakaa benchi la mwisho kando ya nguzo, kwa hiyo hukuniona. Uliongoza vizuri. Kanisa zima lilipoanza kukunja, wazee, vijana, masista, kila mtu akimwendea mwenzake na kitambaa cheupe katikati, nilijiziba mdomo kwa kiganja. Wivu ulikuwepo, nisikudanganye, lakini kulikuwa na furaha pia. Nilitaka kumshika mtu yeyote bega nimwambie, "Hii ni yetu."

Halafu Mama Benki akashika kipaza sauti. Akasema sasa tumwombee marehemu mwanzilishi mwenza, dobi mnyenyekevu aliyemwachia Karani kazi hii kabla Mungu hajamwita. Kanisa lote likapiga magoti. Raha ya milele umpe, ee Bwana. Na mimi nikapiga magoti, ningefanyaje? Nilijiombea raha ya milele mwenyewe, wifi, na kwa sauti.

Mama niliyekaa naye alikuwa akilia. Nikamuuliza, "Ulimjua?" Akasema hapana, lakini kundi lao linamtolea misa kila mwezi. Akanieleza kwamba marehemu hakuwahi kugombana na mtu maisha yake yote, hakuinua sauti, na alikuwa akifua huku akiimba zaburi. Nikamwambia mtu wa namna hiyo mimi nisingeweza kukaa naye chumba kimoja. Akanitazama vibaya, akasogea.

Unajua kilichoniuma zaidi? Nilimwonea wivu marehemu. Yeye anapendwa mji mzima. Yeye yumo kwenye katiba yenu na hakuna anayemuuliza amelala na nani. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimlilia pale mbele, nilikuona, na mimi hujanililia hata siku moja tangu uhame. Kisha watu wakasimama kwenda kupokea, nami nikageuza magoti pembeni wapite.

Nilitoka mlipokuwa mkipiga picha. Niambie nilikufa lini, ili na Seremala ajue.

Dobi


Juni 26

Wifi,

Sijui nianze na salamu gani, kwa hiyo naiacha.

Ulikufa Novemba, kwenye kikao. Mwenyekiti aliniuliza, "Na yule mwenzako wa kwanza, bado yuko hai?" Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilijua nikisema yuko hai, swali linalofuata ni anaishi na nani. Nikanyamaza. Machozi yakanitoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Wao wakaelewa walivyoelewa. Padre mlezi akasema apumzike kwa amani, wote wakaitika amina. Na mimi niliitika.

Nilijiambia nitasahihisha kikao kijacho. Kikao kijacho Mama Benki alikuja ameshalipia misa yako. Kila walipokuombea ilizidi kuwa vigumu kukutoa kaburini. Hizo habari za zaburi sizijui zilitoka wapi, watu walikuwa wakiziongeza wenyewe nami ninawaacha.

Uliniuliza nilikuwa ninakinga nini. Nilikuwa ninakinga kiti. Kilikuwa kitamu, wifi. Kuitwa mama mwanzilishi na watu ambao zamani wangeniwekea nguo zao chafu mlangoni na kuondoka bila kuniangalia usoni. Na kama hujui, mimi pia nina wivu, tena wa zamani kuliko wako. Siku ile ya nyumba ya wino ulisimama kwa sababu yule mtoto alikugusa moyoni. Mimi nilisema "tumwombee" kwa sababu nilikuwa na njaa na nilitaka tumalize twende kula. Kila mara ninapohadithia mwanzo wa utume mbele za watu, najua ni nani kati yetu aliyeitwa, na ninakuonea kijicho hata ukiwa marehemu.

Alhamisi naenda kwa Baba Askofu.

Karani


Julai 19

Wifi,

Hujanijibu, na sikulaumu. Nakuarifu tu.

Nilimweleza Baba Askofu yote, pamoja na mambo ya Seremala, maana bila hayo uongo wangu hauna kichwa wala miguu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo tumekuwa tukimwombea raha ya milele mtu ambaye yuko kazini?" Nikasema ndiyo, Baba, na leo ni zamu yake. Hakucheka.

Nimeondolewa kwenye uongozi. Mama Benki ndiye mwenyekiti sasa. Jumapili ilisomwa barua katika parokia zote kwamba wewe ni mzima na kwamba mimi ndiye niliyewapotosha watu. Kipengele cha ndoa kimebaki kama kilivyo, niliomba kiangaliwe nikaambiwa si wakati wake. Kaka yako amerudi safari akakuta majirani wanampa hongera kwa dada yake kufufuka. Mpaka leo anakula bila kuniangalia.

Utume unaendelea, na hilo linanifariji kidogo. Ila kwenye kundi langu, nikishika shuka, upande wa pili haushikwi na mtu. Jumamosi nilisimama pale mpaka Mama Benki akaniambia kwa upole nikae.

Naomba neno lako, hata likiwa tusi.

Karani


Agosti 4

Wifi,

Nilifurahi. Niliposoma kwamba umeondolewa nilifurahi tangu asubuhi mpaka saa ya chai, nikamsomea na mtunza stoo, naye akaacha kutafuna. Nimefufuliwa parokia zote za kwenu na mlango bado umefungwa, kwa hiyo sasa mimi ni mzima asiye na nafasi, na wewe vilevile. Ni mara ya kwanza tuko sawa tangu uhame.

Kaka yangu nimeshamwandikia. Nimemwambia ugomvi huu una wenyewe, yeye ale na aseme asante.

Kuhusu hilo la njaa, nilikuwa nikilijua. Uliangalia mlango kabla ya kusema "tumwombee". Lakini ulisema, na mimi nisingesema, ningesimama pale mpaka jioni na shuka kifuani, nisijue la kufanya nalo. Hilo nimelifikiria sana wiki hizi, kwa hasira, kwa sababu sikutaka liwe kweli.

Usiniombe msamaha bado. Nikiikumbuka ile picha roho inaniuma palepale, na yule mama wa zaburi namsikia hata nikiwa ninasuuza.

Mtunza stoo amehamishiwa jikoni. Wameniletea mama mgeni, mtu mzima, si wa kanisa letu na sijui kama ni wa kanisa lolote. Ana mikono mizuri, anavuta shuka linanyooka. Jumatatu tulianza kukunja. Nilipoitaja wodi akasimama, akaniuliza ninasema na nani. Nikamweleza. Alitafakari, akaniambia jambo hili ni zuri, nani alilianzisha?

Ulimi wangu ulikuwa tayari, wifi. Hukuwepo. Hapa hakuna gazeti wala kamati. Ningesema "mimi", naye angeamini, akawaeleza wanawe hivyo, na wewe usingejua kamwe. Neno hilo nimelitamani tangu Januari, na sasa nilikuwa nalo mdomoni.

Nikasema tulianza wawili, mimi na wifi yangu.

Akashika pembe zake vizuri. Akaniuliza, "Huyo wifi yako yuko hai?"

Nikamwambia, "Yuko hai."

Wifi yako,
Dobi